Chuma Hapo, Chuma na Pale

Nalisimulia hili Sikio akiwa amefunikwa mablanketi mawili na juu yake nimemwekea gunia la pumba. Msinione mkatili. Mkishasikia mtaniongezea gunia la pili.

Mimi ni mtambuzi wa miamba, na kinywa changu kimesajiliwa. Maana yake ni hii: mtu mwingine yeyote anaweza kusimama juu ya jiwe akasema hapa pana chuma, na jiwe likaendelea kulala. Nikisema mimi, sheria imesema. Sikio analipokea tamko, analirusha kambini, na Walaji, zile mashine za kuchimbia, wanaondoka zizini kwao kuja kazini. Kwa hiyo neno hilo silitamki ovyo. Nyumbani kwangu tunasema "kile kitu." Kitanda cha kile kitu. Geti la kile kitu. Mwanangu wa kwanza alipoulizwa shuleni reli inatengenezwa kwa nini, akajibu "kwa kile kitu," akapata sifuri, na mimi nikaitwa kwa mwalimu mkuu.

Sasa Sikio mwenyewe. Ni sanduku lenye miguu minne, kimo cha mbuzi jike, macho mawili mbele na mkono mmoja wa kuokotea mawe. Sheria inataka tuongozane kila mahali, hata likizo, hata ukweni. Akifunikwa analala. Akifunuliwa anaamka na kuanza kusikiliza, na hachoki.

Likizo hiyo tulikwenda Nyabulanda, kwa mama mzazi wa mke wangu Minza. Na hapa nawaomba mnielewe vizuri, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Mimi na mama mkwe wangu hatuzungumzi. Hatujagombana, Mungu apishe mbali! Tunaheshimiana. Kwa mila za kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani ana kwa ana. Tangu nimuoe Minza, mama huyo nilikuwa namjua kwa ncha ya kanga ikipotelea nyuma ya jiko, na kwa sauti. Akitaka kuniambia neno, anamwambia Minza. Minza asipokuwepo anamwambia mbuzi: "Wewe mbuzi, mwambie mkwe wangu uji umeiva." Nami namjibu mbuzi: "Mwambie mama ahsante, nakuja." Tumeishi hivyo kwa raha kabisa. Kuna wakwe wanaosemeshana kila siku na wanatamani wangekuwa na mbuzi.

Tulipofika nikamfunika Sikio blanketi, nikamwegesha ukutani, nikaenda kuoga. Niliporudi nikakuta blanketi limekunjwa vizuri na Sikio kakalishwa kwenye kigoda, mbele yake bakuli la michembe ya viazi vitamu na karanga.

Sauti ikatoka nyuma ya jiko. "Wewe mgeni, mwambie mkwe wangu kwetu mgeni hafunikwi kama kuku anayeatamia."

Sikio akanigeukia. "Mama anasema kwetu mgeni hafunikwi kama kuku anayeatamia."

"Nimesikia!" nikasema.

"Mama, anasema amesikia."

"Ehee!" mama mkwe akashangilia. "Huyu anajua kazi. Mbuzi alikuwa hajibu."

Ningemfunika tena. Lakini kumfunika ilikuwa ni kumbishia mama mkwe nyumbani kwake, na zaidi ya hapo, lazima niseme kweli, Sikio alikuwa anatufaa. Siku ile tuliongea na mama mkwe kuliko miaka yote iliyotangulia. Tuliongea habari za mvua, za bei ya pamba, za magoti yake. Nikajua kwamba anacheka kwa kukohoa. Nilikwenda kulala nimefurahi, bila kufikiri kwamba nimemwacha mwenye masikio ya serikali katikati ya watu wanaopika.

*

Asubuhi Minza alikwenda kuteka maji. Mama mkwe akamtuma kaka yake Minza, shemeji yangu Masunga, akachume kunde bustanini. Masunga ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini kwa uvivu hajapata mpinzani wilaya nzima. Ndoto yake ni moja tu: Mji wa Fidia, kule wanakohamishiwa watu ambao ardhi yao imechimbwa. Kuna maghorofa. Kuna lifti. Masunga hajawahi kupanda lifti, ila huielezea kama mtu aliyezaliwa ndani yake.

Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha banda, Sikio kando yangu, natazama jinsi anavyochuma. Anavuta jani moja, anasimama, anatazama barabara. Anavuta jingine, gumu kama ngozi ya ngoma, anatia kwenye ungo. Machanga mazuri anayaruka! Nilijikaza. Nikageukia upande mwingine. Nikahesabu kuku. Mimi nina hasira za karibu, Minza ananiambia kila siku zitaniponza, na kila siku namwambia hazijaniponza bado.

"Wee Masunga!" nikapiga kelele. "Unachuma au unapunga upepo? Chuma hapo! Hapo mbele ya mguu wako! Chuma na pale!"

Na mama mkwe, naye alikuwa anamwona kwenye upenyo wa jiko, akadakia kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Kote huko ni chuma tu, usichague! Chuma mpaka kwenye jiwe, usibakize!"

Kisha Sikio akalia ding, kama kengele ya baiskeli.

"Tamko limepokelewa," akasema. "Mtambuzi Ndaki: chuma hapo, chuma na pale. Mwenye ardhi amekiri: kote huko ni chuma, mpaka kwenye jiwe, wasibakize. Walaji wameitwa. Hongereni sana."

Nikaruka kutoka kivulini. "Hapana," nikasema. "Hapana, hapana, Sikio. Mboga! Nilikuwa namwambia achume mboga. Kuchuma. Mtu anachuma. Mimi nachuma, wewe unachuma!"

"Mimi sichumi," Sikio akasema. "Natafuta."

"Kuchuma ni kukata majani kwa mkono! Ni kitenzi, ewe sanduku!"

Akapepesa macho. "Nimejifunza neno jipya," akasema. "Chuma, kitenzi. Ahsante kwa kunielimisha. Siku nyingine nitauliza."

"Basi futa tamko."

"Tamko halifutwi kwa maelezo. Tamko hufutwa kwa tamko. Taja mwamba uliopo, Walaji wakifika nitawapa jibu lako."

Ng'ambo ya bonde, huko kambini, ikasikika ngurumo ya kwanza. Masunga aliitambua kabla yangu. Akautupa ungo, kunde zikamwagika, akakimbilia ndani kufunga godoro.

*

Mnaweza kuuliza: kwa nini mashine zisitambue mawe zenyewe, mpaka mtu mzima alishwe kiapo? Ziliwahi kuachiwa. Walaji wa kwanza walikuwa wanatazama rangi. Wakiona wekundu wa kutu, wanakula. Walikula tanuri la matofali. Walikula uwanja wa mpira wa moramu, pamoja na magoli. Mahali pamoja walikula kaburi la mzee aliyejengewa kwa mawe mekundu, na wanawe walipokwenda kulalamika wakakosa wa kumlalamikia. Kila ofisi ilisema ni mashine. Mashine nayo, utaitazama wapi? Haina uso. Ukiisuta haioni haya.

Ndipo watu wakagoma mpaka ikatungwa sheria kwamba jiwe litatajwa na mtu mwenye uso, mtu anayeweza kukutana sokoni na waliomwamini akaona haya. Na ikawekwa ya pili: mtambuzi akishataja, mwenye ardhi ana haki ya kusema ndiyo au hapana, na akisema hapana hakuna wa kumrudia maisha yake yote. Sheria nzuri. Naipenda sheria hiyo. Niliapa kwayo huku machozi yananitoka, na chuma nikakitamka siku ile kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaja jina la mchumba.

Kwa hiyo nilishika jembe, nikaingia kwenye kunde, Sikio nyuma yangu. Sikuwa na wasiwasi mkubwa. Nyabulanda yote ni moramu, na moramu ina wekundu mwingi lakini ni udongo uliokaangwa na jua na mvua ukagandamana, umejaa matundu, ukiukwaruza unatoa unga wa njano kama bizari. Nilijua nitachimba kidogo, nitaona matundu yangu, nitasema "moramu," Walaji watageuka, tutakula.

Nikafukua. Udongo mweusi, samadi tupu, mzuri hata ungeweza kuupaka kwenye mkate. Halafu jembe likagonga kitu. Halikugonga kama linavyogonga moramu, ile sauti ya kukwama. Liliimba.

Nikapiga magoti, nikafuta kwa kiganja. Jiwe lilikuwa na milia. Mlia mweusi wa kumetameta, mlia mwekundu, mweusi, mwekundu, umenyooka kama kitambaa cha kikoi kilichokunjwa. "Usiwe," nikaliambia. "Tafadhali, usiwe." Nikalivunja kipande. Kipande cha ukubwa wa kiazi kikanilemea mkono kama kiazi cha risasi. Nikatoa mfukoni kitako changu cha kikombe kilichovunjika, upande usiopakwa rangi, nikaukwaruza mlia mweusi juu yake: ukaacha mstari mwekundu wa damu ya ng'ombe iliyokauka. Moramu haiandiki hivyo. Nikashusha sumaku yangu kwenye uzi. Ikazunguka polepole, ikalifuata jiwe, ikabusu. Nikajaribu kisu kwenye mlia mwekundu, na kisu ndicho kilichokwaruzika, maana huo ulikuwa gumegume.

Nikakaa chini, juu ya kunde.

Mawe haya ni mashapo. Mnajua mashapo ya pombe, yanavyotuama chini ya mtungi? Basi zamani zile ambazo dunia haikuwa hata na jani moja, bahari zilikuwa zimejaa chuma kilichoyeyuka, huwezi kukiona, kama chumvi kwenye mchuzi. Wakatokea vijidudu vidogo vinavyopumua nje oksijeni. Oksijeni ikakikamata chuma, bahari nzima ikashika kutu, kutu ikazama, ikatuama. Tabaka la kutu, kisha tabaka la gumegume, kisha kutu tena, kwa muda ambao mtu akiufikiria sana anapata kizunguzungu. Kila daraja na kila sufuria duniani vimetokana na pumzi ya vijidudu hivyo. Ningeweza kulia kwa uzuri wake. Nililia, ila si kwa sababu hiyo.

Nilikuwa nimesema uongo kwa bahati mbaya, kumbe ni kweli.

*

Minza akanikuta hapo na ndoo kichwani. Alikuwa amekutana njiani na Masunga, godoro mgongoni, akielekea barabarani kusubiri gari la Mji wa Fidia. Sikuhitaji kumweleza mengi. Nikamwonyesha jiwe.

"Ni chenyewe?" akanong'ona.

"Ni chenyewe. Kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona."

Ng'ambo, Walaji walikuwa wameshateremka bondeni. Ungewaona migongo yao ya njano ikipanda na kushuka kwenye mtama, taratibu, kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji.

"Sikiliza," nikamwambia kwa sauti ya chini, nikiwa nimemtupia Sikio koti langu lisilomtosha. "Nikisema moramu, basi imekwisha. Moramu haina mtu wa kuulizwa. Wanageuka, mama anabaki na bustani yake, Masunga anarudisha godoro. Nikisema kile kitu, kwanza sheria inataka nimwambie mwenye ardhi uso kwa uso, bila mtu wala mbuzi katikati. Uso kwa uso, Minza! Mama yako! Halafu ndugu zako wote watajua kilichopo hapa. Watamwandama kabla hajajibu, mpaka achoke akubali."

"Kwa hiyo utadanganya."

"Kwa faida yake."

"Umemuuliza?"

"Nitamuulizaje? Ni mama mkwe wangu!"

Minza akaitua ndoo. Mke wangu akiwa na hasira hapigi kelele kama mimi, anasema polepole, na ndiyo mbaya zaidi. "Jana usiku aliniuliza kama ni kweli huko ghorofani maji yanatoka ukutani. Akaniuliza kama magoti yanapona mtu asipopanda kilima na ndoo. Hukulijua hilo. Mimi mwenyewe sijui anataka nini, na ni mama yangu. Wewe unajua?"

Nikaligeuza jiwe mkononi.

"Walaji wa kwanza walikula bila kuuliza," akasema. "Wewe utaacha bila kuuliza. Tofauti yenu ni kwamba wewe una uso."

Jamani, maneno mengine afadhali upigwe kibao. Nilitazama jiwe langu la milia. Nilifikiri habari za wale wana wa mzee wa kaburi, waliokosa wa kumlalamikia. Nikafikiri pia kwamba nikisema kweli, huenda nikapoteza bustani hii kwa kinywa changu mwenyewe, na kila nitakapokuja ukweni nitakuta shimo, na nyuma ya shimo hakuna jiko, wala kanga, wala mtu wa kukohoa akicheka. Roho iliniuma hasa. Nilikuwa nimempata mama mkwe jana tu.

"Mtambuzi," Sikio akasema chini ya koti. "Walaji wamefika kwenye uzio. Nasubiri kutajiwa mwamba."

Nikasimama, nikapangusa magoti. "Mwambie mama," nikasema, "namwomba atoke nje."

"Siruhusiwi kumwambia," Sikio akajibu. "Kwa jambo hili mimi si mpatanishi. Mwite mwenyewe."

Sijui kama kuna mwanamume mwingine wa ukoo wetu aliyewahi kufanya nililofanya. Nikatoa kofia, nikatazama chini, nikaita kwa sauti iliyotoka nyembamba kama ya kifaranga: "Mama! Hodi!"

*

Alitoka. Niliona miguu yake kwanza, mifupi, imepasuka visigino, imetulia. Juu ya miguu kanga, juu ya kanga mikono, na mikono imeshika ungo mbele ya uso. Nami nikiwa nimejifunika kwa kofia. Tukasimama hivyo kati ya mistari ya kunde, kofia inatazamana na ungo, na Walaji wawili wamesimama nyuma ya uzio wanatetema, midomo wazi.

"Ungo si uso," Sikio akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Kofia nayo si uso," akaongeza.

"Huyu mgeni hana adabu," mama mkwe akasema nyuma ya ungo.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Hata mimi humwambia hivyo."

Akaushusha ungo. Nikashusha kofia. Basi. Ndivyo nilivyouona uso wa mama mkwe wangu, na wa kwanza kushangaa ni mimi: ni Minza, Minza mtupu, ila jua limemfanyia kazi. Naye alinitazama vizuri, kwa muda, kama mtu aliyeletewa kitu sokoni kikiwa kimefungwa kwenye gazeti na sasa anakifungua.

"Mama," nikasema. "Chini ya bustani yako kuna mwamba wa mashapo wenye milia. Nimeupima kwa mkwaruzo, kwa sumaku na kwa uzito. Si moramu. Ningependa sana uwe moramu, lakini si moramu. Ni chuma."

"Nomino au kitenzi?" Sikio akauliza.

Nilimtazama kwa chuki ambayo sijawahi kumpa kiumbe. "Nomino," nikasema, na ilikuwa kama natangaza msiba.

"Nimepokea. Mwenye ardhi, umesikia kwa kinywa cha mtambuzi. Sasa ni wewe wa kusema ndiyo au hapana."

Masunga alikuwa amerudi, maana gari halikuja, na godoro bado liko mgongoni. "Mama, sema ndiyo!" akapiga kelele. "Mama, lifti! Unabonyeza kidole tu!"

Mama mkwe alikuwa bado ananitazama mimi.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Unajua nini, mama?"

"Hilo jiwe. Babu yangu alikuwa mtu wa Warongo, wale wafua majembe. Sisi watoto tulikuwa tunalibeba kilimani kumpelekea, shingo zinatuuma. Nililikuta hapa nilipoolewa, siku ya kwanza ya kulima. Nikalifukia mwenyewe kwa samadi ya ng'ombe, mwaka baada ya mwaka, watu wasilione." Akakohoa, na nikajua kwamba anacheka. "Jiwe nalijua, baba. Nisilolijua ni wewe. Nilimpa mtu binti yangu, sijawahi kumwona uso. Nikawa najiuliza, huyu akiona kitu kigumu kukisema, atakisema?"

Kama kuna aibu tamu, ndiyo ile.

"Magoti yananiuma," akaendelea, na sasa alikuwa kama anajisemea. "Na maji ya ukutani ni jambo zuri, sitasema uongo." Akageuka akatazama jiko, banda, ndoo ya Minza, Walaji wanaotetema, Masunga na godoro lake. Akatazama kunde. Nilitaka kumsihi, nikauma ulimi, maana zamu yangu ya kusema ilikuwa imekwisha na hii ilikuwa yake.

Kisha akanigeukia tena, akanyoosha ungo kunielekea, akasema kwa sauti ya upole ambayo alikuwa hajawahi kuitumia hata kwa mbuzi.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma. "Chuma."

Walaji wakaunguruma. Mmoja akainua mguu juu ya uzio. Minza akajishika kichwa. Masunga akaruka na godoro lake kwa furaha, likamwangusha kifudifudi.

"Samahani," Sikio akasema. "Nomino au kitenzi?"

Mama mkwe akamtazama. "Hivyo ni vitu gani?"

"Nomino, Walaji waingie. Kitenzi, watu waingie."

Mama mkwe akamsogelea Sikio, akavuta koti langu lililokuwa linamning'inia kichwani, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kigoda.

"Kitenzi," akasema. "Na wewe mwenyewe unasimama tu hapo? Una mkono. Chuma."

Sikio akalia ding. Nyuma ya uzio Walaji wakafunga midomo, wakageuka mmoja baada ya mwingine, wakaanza kurudi bondeni. Nami niliupokea ungo kwa mikono miwili, nikainama kwenye mistari ya kunde niliyoikalia, huku machozi yananidondokea kwenye majani, na sikujali nani anaona. Kando yangu Sikio alinyoosha mkono wake wa kuokotea mawe, akavuta jani moja, akalipima uzito, akalikwaruza kwenye kitako cha kikombe changu. Likaacha mstari wa kijani.

"Si chuma," akasema.

"Ni chuma," nikamwambia. "Endelea."

Niliponyanyua kichwa, mama mkwe alikuwa amesharudi nyuma ya jiko. Ncha ya kanga tu ndiyo iliyoonekana, ikipotelea.

"Wewe mgeni!" sauti ikatoka huko. "Mwambie mkwe wangu hayo magumu ni ya mbuzi. Achume machanga."

Sikio akanigeukia.

"Nimesikia," nikasema.

"Mama, anasema amesikia."

"Ehee," mama mkwe akajibu, akakohoa.

Nikachuma machanga.